Tumbo joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wasiwasi wa kila siku

Nafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Moshi. Watu nakutana nao kwenye vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopeshana fedha, kule Pasua na Majengo, vijiweni kwa bodaboda, na wengine wananisubiri nje ya kanisa ibada ikiisha. Maswali yao yanafanana kuliko wenyewe wanavyodhani. Kila mmoja huanza kwa kusema, "Mimi sijui kama kuna mwingine mwenye tatizo kama langu." Yupo, na mara nyingi amekaa kiti cha jirani. Nimeyaandika maswali karibu kama yalivyoulizwa, bila jina la mtu.

Wasiwasi ni ugonjwa?

Wasiwasi wenyewe, hapana. Ni kazi ambayo mwili umepewa. Mama asiye na wasiwasi kabisa hawezi kumshika mtoto mkono wakati wa kuvuka barabara ya Arusha, na mpagazi asiye na wasiwasi huenda mlimani bila koti la mvua. Unageuka kuwa ugonjwa pale unapokaa muda mrefu, ukawa mkubwa kuliko jambo lililouleta, na ukaanza kukunyima usingizi, kazi au watu wako. Huko wamefika wengi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Lakini wengi wanaoniuliza swali hili hawajafika huko. Wana tumbo joto la maisha, na wamechoka kuishi nalo kama mgeni asiyeaga.

Moyo unanidunda, mikono inakufa ganzi, tumbo linachafuka. Nimepima presha na moyo, naambiwa niko mzima. Nina nini?

Kwanza, hujadanganya wala hujajitungia. Unachokisikia kipo kweli.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, wataalamu wanaiita amigdala. Ikihisi hatari haisubiri ushahidi. Inatuma taarifa hadi kwenye tezi zinazokaa juu ya figo, nazo zinamwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Hapo moyo unaongeza kasi ili misuli ipate damu ya kutosha kukimbia au kupigana. Pumzi inakuwa fupi na ya haraka. Tumbo linasimamishiwa kazi, kwa sababu mtu anayekimbizwa hana haja ya kusaga chakula, huku utumbo mpana ukiharakishwa, ndiyo maana wengine huharisha asubuhi ya usaili. Ukipumua haraka kupita kiasi unatoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi mno, na hilo ndilo linaloleta ganzi za vidole, midomo kuwasha na kichwa kuwa chepesi.

Mfumo huo ulitengenezwa kwa ajili ya chui. Haujui kutofautisha chui na ujumbe wa mkopeshaji kwenye simu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sijapata maelezo mafupi ya amigdala yanayozidi hayo.

Wakati mwingine hofu inakuja yote kwa mkupuo, mtu anadhani anakufa palepale stendi. Hali hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha huanza kushuka, hata usipofanya lolote. Ukilijua hilo mapema linasaidia sana, kwa sababu kinachoipandisha zaidi ni kuiogopa yenyewe.

Tahadhari moja. Maumivu ya kifua yanayobana kama umewekewa jiwe, yanayokwenda mkononi au tayani, yakiwa na jasho jingi au yakija unapopanda kilima, usiyaite wasiwasi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Tena kama bado hujapimwa, pima: upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kuleta moyo mbio na kutetemeka vilevile.

Kila mtu ananiambia "acha mawazo". Mbona siwezi?

Hakuna anayeweza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi kwa dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko kundi ambalo halikuwa limekatazwa. Wazo unalolisukuma linarudi na nguvu uliyolisukumia.

Naomba hata sisi tunaowapenda watu wenye wasiwasi tuache kuwaambia neno hilo. Mtu anayeambiwa "acha mawazo" anabaki na mzigo wake uleule, na juu yake anaongezewa aibu ya kushindwa kuutua.

Sasa kama siwezi kuyaacha, nifanye nini nayo?

Yape zamu.

Waliokulia Kibosho, Uru, Machame au Marangu wanaijua mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji ya mlima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani. Maji ya mfongo ukiyaziba yanafurika na kubomoa kingo za jirani. Ukiyaacha yaingie kihambani siku zote, migomba inaoza. Wazee walichofanya ni kupanga zamu: leo maji yanaingia kwako, kesho kwa mwenzio, na yakipita nje ya zamu yako unayaacha yapite. Hawakugombana na maji.

Na wasiwasi fanya hivyo. Chagua wakati mmoja wa siku, tuseme saa kumi na moja jioni, na mahali pamoja pa kukaa, pasiwe kitandani. Zamu iwe dakika ishirini hadi nusu saa. Wazo likija saa nne asubuhi ukiwa sokoni Mbuyuni unapanga nyanya, usilifukuze na usilikaribishe. Andika neno moja kwenye daftari au kwenye simu, "ada", "kifua cha mama", "kodi", halafu liambie: zamu yako ni saa kumi na moja. Rudi kwenye nyanya. Litakuja tena baada ya dakika mbili. Liambie vilevile, bila hasira.

Saa ikifika, kaa na daftari lako kweli. Usiruke zamu, maana akili ikishaona unaidanganya haitakuamini kesho. Soma neno kwa neno. Mengine utashangaa yamekwisha kufa yenyewe. Yaliyobaki yaulize swali moja tu: kuna kitu naweza kufanya kuhusu hili, kati ya leo na kesho kutwa? Kama kipo, kiandike kwa lugha ya vitendo: "kesho saa mbili nampigia mwalimu mkuu kuomba kulipa kwa awamu." Kama hakipo, lisikilize tu mpaka muda uishe, kisha simama, osha uso, wasalimie watoto.

Njia hii si ubunifu wangu. Mtafiti wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake waliijaribu na kuichapisha mwaka 1983, na washauri wanaitumia hadi leo. La mfongo ndilo nililoongeza mimi, kwa sababu nilipokuwa naieleza kwa lugha ya darasani watu walikuwa wananiitikia kwa adabu tu. Nilipotaja zamu ya maji, mama mmoja wa Uru aliniambia, "Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Jipe wiki mbili. Siku tatu za kwanza huwa ngumu, watu wengi huachia hapo.

Na wasiwasi ukishanishika palepale, mbele za watu?

Tafuta pumzi ndefu ya kutoa. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita, kama unapuliza uji wa moto. Fanya hivyo dakika tatu hadi tano. Moyo hupunguza kasi unapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa ndiko kunakorefushwa. Waongoza watalii wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili kwa miguu: mgeni akianza kuhaha, hawamwambii asiogope, wanampunguzia mwendo. Pole pole.

Halafu weka miguu yote miwili chini na utaje kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona. Usipumulie mfuko wa karatasi, kuna watu wameumia kwa sababu tatizo lao halikuwa wasiwasi.

Mimi nina mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, na msimu wa wageni umekwisha. Wasiwasi wangu ni wa kweli. Kupumua kutanisaidia nini?

Swali hili niliulizwa na mpagazi mwezi wa nne, mvua za masika zinanyesha, mlima hauna wageni. Sikumjibu haraka, na wewe sitaki nikujibu haraka.

Kupumua hakulipi deni. Mtu yeyote anayekuambia umaskini ni suala la mtazamo anakuonea. Kuna wasiwasi ambao ni taarifa sahihi kuhusu maisha yako, na dawa yake ya kwanza ni kushughulikia maisha. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hawezi kuhesabu. Anazima simu, anamkwepa mkopeshaji, anachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, anaficha nyumbani. Pumzi ni ya kukufikisha mahali ambapo unaweza kushika kalamu.

Ukishaishika, andika madeni yote kwenye karatasi moja: nani, kiasi gani kilichobaki, riba, tarehe. Karatasi hiyo watu wanaiogopa kuliko kitu chochote, na bado sijaona mtu aliyeimaliza akawa na hofu kubwa kuliko aliyoanza nayo, kwa sababu deni lililoandikwa lina mwisho. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake, na pendekeza kiasi unachoweza kweli. Uliza leseni yake: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo, na anayekutisha kuchukua godoro au jiko lako hana ruhusa ya kujifanya mahakama. Kama uko kwenye kikundi, uliza kuhusu mfuko wa jamii, ule wa kikundi wa kusaidiana kwenye shida. Usichukue mkopo mpya kufunika wa zamani.

Na mwambie mtu mmoja nyumbani. Siri ya deni ndiyo inayokula usingizi zaidi ya deni.

Kahawa inazidisha?

Kwa wengi wetu, ndiyo, na naelewa uzito wa kusema hivyo kwenye mji uliojengwa kwa kahawa. Kafeini huongeza mapigo na kutetemesha mikono, na mwili wenye wasiwasi husoma dalili hizo kama hatari. Kwa wastani nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Vikombe vya kahawa chungu unavyokunywa na kashata saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inafanya kazi. Jaribu wiki mbili bila kahawa baada ya saa sita mchana, ujionee mwenyewe. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ila kidogo zaidi. Punguza taratibu, ukikatisha ghafla kichwa kitauma.

Bia mbili au mbege vinanituliza. Kuna ubaya?

Vinatuliza usiku, vinadai asubuhi. Pombe ikitoka mwilini mfumo wa fahamu unaruka juu kuliko ulipokuwa, na usingizi wake hukatika katikati ya usiku. Kunywa na ndugu kwenye sherehe ni jambo moja. Kunywa ili uweze kuingia nyumbani ni jingine, na hilo naomba ulizungumze na mtu.

Naamka saa tisa usiku na kila kitu kinaonekana kibaya.

Saa tisa usiku si saa ya kuamua chochote. Ukikaa macho kama dakika ishirini, toka kitandani, kaa kwenye kiti, taa hafifu, simu mbali. Usingizi ukirudi, rudi nawe. Asubuhi amka saa yako ya kawaida hata kama umelala kidogo.

Tangu nione ajali sijapanda gari la Arusha. Nikikaa nyumbani niko salama. Si ndiyo njia nzuri?

Kwa leo inatuliza, ila mbele ya safari inakubana. Kila unaposhuka kwenye gari kabla halijaondoka, akili inajiandikia: "Tumepona kwa sababu tumeshuka." Hofu inapata ushahidi mwingine. Kesho utaogopa na gari la Boma, keshokutwa daladala la mjini.

Kinachosaidia ni kurudi kwa ngazi. Mwanamke mmoja tuliyefanya naye kazi alianza kwa kwenda stendi kuu ya Moshi na kukaa nusu saa tu, akiangalia magari yakijaa. Alifanya hivyo siku nne. Kisha alipanda na dada yake hadi Kwa Sadala na kurudi. Kisha Boma Ng'ombe, mara ya kwanza na dada, mara ya pili peke yake. Baadaye Usa River, mwisho Arusha, kama kilomita 80 zote. Ilichukua miezi miwili na nusu. Kanuni yetu ilikuwa moja: usishuke hofu ikiwa juu, subiri ianze kushuka ndani ya gari. Alilia mara mbili njiani na konda akamwuliza kama anaumwa. Sasa anakwenda soko la Kilombero, hukohuko Arusha, kununua vitenge.

Aliyeona watu wakifa, akawa anaota usiku na kushtuka kwa kila mlio, asijifanyie hili peke yake. Hilo linahitaji mtaalamu.

Mchungaji, au shehe, ameniambia ni upungufu wa imani.

Nami ni mtu wa imani, na sikubali. Sala ni pumzi, ni kutulia, ni kuutua mzigo mbele ya Mwenyezi Mungu, na nimewaona watu wakitoka kwenye swala wakiwa na mabega mepesi. Lakini hatumwambii mwenye kisukari kwamba sukari yake ni ukosefu wa imani. Endelea kusali, na uende kliniki. Viongozi wengi wa dini hapa mjini ndio wanaotuletea watu.

Mwanangu yuko kidato cha nne. Kila asubuhi anasema tumbo linamuuma.

Mwamini, linamuuma kweli. Mpime kwanza minyoo, choo na mkojo. Ikiwa hakuna kitu, angalia kama linauma siku za shule tu.

Kuna utafiti wa zamani, wa mwaka 1908, wa Robert Yerkes na John Dodson. Walifundisha panya, na wakaona kwamba kwa kazi ngumu panya walioshtuliwa kwa umeme kiasi walijifunza vizuri kuliko walioshtuliwa sana. Mtoto wetu tunamshtua sana. Tunamwambia shamba limeuzwa kwa ajili ya ada, mtoto wa jirani kapata daraja la kwanza, shangazi yuko Dar anasubiri matokeo. Kila neno ni la kweli, lakini kwa pamoja yanamwelemea hadi anashindwa kusoma.

Mwulize anaogopa nini hasa, na ukae kimya mpaka amalize. Wengi hawaogopi mtihani, wanaogopa uso wako siku ya matokeo. Mwambie mapema, kabla ya mtihani, utafanya nini naye akipata daraja la nne. Uwe na mpango wa kweli, chuo cha ufundi au kurudia mtihani, na umwambie kwa sauti ileile unayoitumia kuzungumzia chakula cha jioni. Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Mume wangu amekuwa mkali na hasemi kitu. Nitajuaje kama ni wasiwasi?

Kwa wanaume wengi wasiwasi huvaa sura ya hasira, au ya kuchelewa kurudi. Wamelelewa wajikaze. Usimkalishe sebuleni na kumwuliza ana nini, hapo atasema hana kitu. Mwulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnakata majani ya ng'ombe au mko njiani, macho yakiangalia mbele. Taja ulichokiona, usitaje tabia yake: "Baba Neema, naona siku hizi hulali." Kisha nyamaza.

Ila kama anakupiga, hilo si suala la wasiwasi wake. Nenda dawati la jinsia polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Duka la dawa wananiuzia vidonge vya kulala. Niendelee?

Usiendelee kununua mwenyewe, wala usiache ghafla kama umevitumia wiki nyingi. Vidonge vya aina ya diazepamu hutuliza haraka, na kwa sababu hiyohiyo mwili huvizoea na kutaka zaidi. Ukivikata siku moja unaweza kutetemeka vibaya, hata kupata degedege. Daktari atakupunguzia hatua kwa hatua. Zipo dawa nyingine za wasiwasi zisizoleta utegemezi wa namna hiyo, zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na si aibu kuzitumia.

Niende hospitali lini, na nikifika niseme nini?

Nenda kama kwa wiki mbili au zaidi siku zenye wasiwasi zimekuwa nyingi kuliko zisizo nao, na umeanza kukuvurugia kazi, chakula au usingizi. Nenda leo, usisubiri kesho, kama umeanza kufikiri kwamba ni afadhali usiwepo. Usikae peke yako usiku huo, mwombe mtu akusindikize.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wakuandikie rufaa. Kwa Moshi kuna Mawenzi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa Arusha kuna hospitali ya Mount Meru. Mapokezi huna haja ya kueleza yote mbele ya foleni. Sema, "Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili," inatosha. Kwa daktari, anza na mwili na siku: "Mwezi wa pili sasa silali, moyo unadunda, nimeacha kwenda kazini mara tatu." Ukisema "nina mawazo" tu, anaweza kukuandikia dawa ya kichwa ukarudi nyumbani. Andika dalili kwenye karatasi kabla hujatoka, maana mbele ya daktari watu husahau nusu.

Ndugu yangu hataki kwenda. Naweza kumpeleka bila kumwambia ni wapi?

Hapana. Niliwahi kufanya hivyo kwa mtu wa karibu sana nami, nikamwambia tunakwenda kupima macho. Tulipofika mlangoni alisoma kibao, akaniangalia, akageuka. Ilipita karibu mwaka kabla hajakubali kuingia popote pamoja nami. Mwambie unakwenda wapi, mwambie kwa nini unaogopa juu yake, mwache achague siku. Jitolee kukaa naye kwenye benchi. Aliyekataa mwezi huu, mwulize tena mwezi ujao, kwa upole uleule.